Jina Lililotajwa Redioni

Sogezeni redio karibu, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Nalotuesha wa Oloipiri, kule Loliondo. Familia yake imeturuhusu kulitaja jina hilo, na ruhusa haikuja kirahisi. Kwao mtu akishafariki, jina lake halitamkwi tena bomani. Ndiyo maana pole zetu zimechelewa miaka mingi hivi.

Mwaka 1983 Nalotuesha alilazwa Karatu. Saratani ya titi ilikuwa imeshasambaa mwilini. Watangazaji wetu wa kipindi cha afya walipita wodini na kinasa sauti. Wagonjwa wengine waligeukia ukutani. Yeye aliomba ainuliwe mto, akasema. Mkanda tunao hadi leo:

"Mimi ni Nalotuesha. Nilikuwa nakamua, ndama akanipiga kichwa hapa kifuani. Uvimbe ukabaki. Nikasema ni huyo ndama tu. Nikaufunika na shanga mwaka mzima. Wewe mama unayenisikia, jishike kifua. Ukikuta kitu, nenda hospitali. Usifunike kama mimi."

Masika yalipoanza, Nalotuesha alifariki. Mkanda wake ukaendelea kurushwa kila Alhamisi alasiri.

Sasa fikirini hali ya bomani. Mke mwenzake, Sintamei, ndiye aliyemwogesha na kumnywesha maziwa wakati wa ugonjwa. Walipendana. Alhamisi moja baada ya msiba, akina mama wamekaa wanatunga shanga, redio ya mume wao Koinet inapiga muziki. Mara wakasikia: "Mimi ni Nalotuesha." Shanga zikamwagika. Binti mdogo wa marehemu akakimbilia nyumba ya mama yake, akachungulia ndani.

Koinet alichomoa betri, akazitupa nje ya boma. "Aliyekufa hajitaji jina," alisema. "Redio hii inatuletea mkosi."

Boma likatulia. Sintamei hakutulia. Usiku ule alijishika kifua, akakuta kitu. Kidogo, kigumu, upande wa kushoto. Hakumwambia mtu. Naye akajitafutia ndama wake: akajiambia ni kamba ya kuni imembana.

Miezi ikapita. Siku moja alikwenda Wasso kununua sukari dukani kwa Marsela, mama mmoja aliyehamia kutoka Rombo. Masikini, alisahau kwamba ni Alhamisi. Redio ya duka ikasema, "Wewe mama unayenisikia..." Sintamei akaiacha sukari juu ya meza, akakimbilia nyuma ya duka. Sauti ikamfuata kupitia dirishani. Marsela naye akamfuata.

"Yeyo, mama yangu, kulikoni?"

"Zima hiyo! Huyo ni mke mwenzangu. Alishakufa. Ananiita mimi."

"Mbona anaita wanawake wote, jamani?"

"Wengine hawana kitu. Mimi ninacho."

Marsela hakubishana naye. Alifunga duka mchana kweupe, wateja wakinung'unika, akamshika mkono hadi hospitali. Kutoka hapo Sintamei alipelekwa Karatu, akafanyiwa operesheni, titi likaondolewa. Alipona, wasikilizaji wapendwa. Sintamei alipona.

Tulimtembelea mwezi uliopita. Sisi watu wa redio tulitegemea atatuambia kwamba kipindi kilimwelimisha. Alitucheka.

"Elimu gani? Nilikwenda ili aninyamazie. Niliogopa sauti yake kuliko kisu."

Tukamuuliza kama alinyamaza.

"Hajanyamaza. Nikikamua namsikia. Ila siku hizi haniiti mimi. Anaita mwingine, na huyo mwingine simjui. Hilo ndilo linaniondolea usingizi."

Ruhusa ya kutaja jina tulipewa na Mzee Koinet mwenyewe. Alichora mchanga kwa fimbo. Kisha akasema: "Mlilitaja, nikabaki na mke mmoja. Mngenyamaza, ningebaki bila mke. Tajeni."

Mzee Koinet, Sintamei, na wewe binti uliyekimbia kumtafuta mama: poleni sana. Poleni kwa msiba, na poleni kwa kila Alhamisi tuliyowaletea sauti yake bila kuwauliza.

Na wewe mama uliyeko jikoni, au dukani, au zizini, mkono umeshaunyoosha uzime redio. Subiri kidogo. Jiulize ndama wako ni yupi. Sintamei ametuambia kwamba leo redio yao ina betri, na boma zima limekaa kusikiliza.

Huyu hapa Nalotuesha.