Tarehe Kumi na Nane, Mwezi Ishirini na Nane

Saa tatu na dakika kumi asubuhi niliwaona binti zangu wawili wakishuka kuuvuka mlango wa maji ulioko kati ya kisiwa chetu cha Chole na kile cha Juani, na maji hayakuwafika magotini. Naitaja saa kwa sababu niliitazama. Ndugu zangu, nawaambia mapema: siku ile hakuna kilichofichwa. Kila ishara ilipita mbele ya macho yangu, na kila moja niliipa maelezo.

Nimeyaandika haya kwenye karatasi nisije nikajipunguzia makosa nikiwa nimesimama mbele yenu hapa kanisani.

Mnajua kwamba nililelewa misheni, huko bara. Nilifikishwa pale mdogo sana, nisiyejua hata jina la baba yangu. Kwa hiyo ubaba nimeusoma, sikuuona ukifanywa. Agizo la watoto kuwatii wazazi nililijua kwa moyo, na wanangu niliwafundisha kabla hawajaota meno yote. Agizo linalofuata pale pale, linalowaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, nilikuwa nikilipita upesi. Nyumbani kwangu neno langu halikupingwa. Aliyelipinga alipigwa fimbo tatu, si zaidi, maana nilijiona mtu wa kiasi.

Nilipoletwa kisiwani kwa kazi ya useremala, niliona kwamba hapa maji ndiyo yanayopanga siku ya mtu. Shamba letu la muhogo liko Juani. Maji yakipwa, mtu huenda kwa miguu. Yakijaa, anatafuta mtumbwi. Nikaamua kuyaweka maji katika daftari. Jirani yangu ni bibi mmoja mjane, Mwislamu, anayechokoa pweza mwambani tangu utoto wake. Nikaketi naye na kalamu.

"Mwezi kumi na tano," akasema, "maji yanapwa saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kidogo. Mwezi kumi na nane, saa saba."

Nikaandika: *mwezi 18, saa saba.* Nikapiga mistari kwa rula. Mwezi ule wa kwanza daftari halikukosea hata siku moja. Mwezi wa pili lilikosea kidogo, nikasema ni upepo. Kisha nikapelekwa Ras Mkumbi kutengeneza milango na madirisha ya nyumba ya mlinzi wa mnara wa taa, nikakaa huko miezi minane. Niliporudi, daftari lilikuwa na umri wa miezi kumi, na mimi nililiamini kuliko siku nilipoliandika.

Wengi wenu mmekwisha kuliona kosa langu. Bibi alipotamka "mwezi" alimaanisha ule unaoandama mbinguni. Mimi niliandika mwezi wa kalenda ya misheni. Nilipoanza, miezi hiyo miwili ilikuwa ikienda sambamba. Lakini ule wa mbinguni ni mfupi, nao baada ya miezi kumi ulikuwa umeutangulia wa kwangu kwa siku kumi: kumi na nane yangu ilikuwa ishirini na nane yake, siku ambayo maji hupwa saa tatu asubuhi.

Asubuhi ile mke wangu alikuwa na mtoto mchanga wa siku tisa, na nyumbani hapakuwa na chakula. Nikawaita mabinti. Mkubwa ana miaka kumi na miwili, mdogo ana sita. Nikawaambia wavushwe kwa mtumbwi kwenda, wachimbe muhogo, warudi kwa miguu saa saba. Wakisikia kengele ya boma ya saa sita wafunge mzigo. Jua likianza tu kuinama, waingie majini.

Bibi alikuwa anapita na kijiti chake cha pweza, akienda mwambani upande wa Juani. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Fundi, hawa unawatuma Juani? Leo mwezi ishirini na nane. Wawahi kurudi, bamvua linaanza, maji yatajaa kwa nguvu."

"Bibi, leo ni tarehe kumi na nane."

"Ya nani?"

"Ya kalenda. Ninyi mna mwezi wenu wa kufungia Ramadhani, nasi tuna wetu."

Akacheka. "Haya. Basi uwaambie samaki nao wabatizwe, wapate kuufuata wa kwako." Akaenda zake.

Binti yangu mkubwa alibaki amesimama. "Baba, Bibi amesema—"

"Baba yako nani?"

Akainamisha kichwa. "Ni wewe, Baba."

"Saa saba."

Walipofika ufukweni hawakuhitaji mtumbwi. Mlango ulikuwa umekauka mapema, karibu masaa manne kabla ya wakati ulioandikwa. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilisema moyoni kwamba Mungu amewafungulia njia, nikarudi kwenye ubao wangu. Ndugu zangu, jihadharini na mtu anayempa Mungu kazi ya kuhalalisha makosa yake. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kengele ililia. Niliendelea kupiga randa. Saa saba kasoro robo mke wangu aliniuliza kutoka ndani, "Mbona maji yanasikika?"

Nikasimamisha mkono. Kwa hesabu yangu, saa ile mlango ulipaswa kuwa kimya. Nilisikia maji yakipita kwenye mizizi ya mikoko, karibu, kama watu wengi wanaonong'ona pamoja. Nikalichukua daftari nikalitazama tena. Naona aibu kulisema hili: watoto wangu walikuwa ng'ambo, na mimi nilikimbilia karatasi kwanza.

Nilipofika ufukweni ilikuwa saa saba na dakika tano. Mlango ulikuwa umejaa, maji yana rangi ya majivu, yanakwenda mbio kuelekea ndani. Katikati niliona kichwa kimoja, na juu yake mtoto amekaa mabegani. Nyuma yao, mbali kidogo, bibi alikuwa akiingia majini na kanga zake, akiwaita. Baadaye aliniambia walichosemezana. Aliwakuta ukingoni mwa Juani na mzigo wao, akamwambia mkubwa, "Mjukuu wangu, ngoja, maji haya si ya kuvukwa." Naye akajibu, "Bibi, naona. Lakini Baba amesema saa saba."

Aliona. Neno hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Mtoto aliyaona maji kwa macho yake, akayapima, akanipima na mimi, akachagua maji.

Mimi sijui kuogelea. Nilipiga kelele mpaka mvuvi mmoja aliyekuwa akipakia madema yake ya kutegea samaki akasukuma mtumbwi, nikaingia naye. Tulipowakaribia, maji yalikuwa kidevuni kwa mkubwa na alikuwa anasimama kwa vidole vya miguu. Mara akapotea. Mdogo akabaki juu ya maji kwa kitambo, kisha naye akapotea. Bibi akafika kabla yetu. Alimshika mdogo kwa nywele, na mvuvi akamshika mkubwa kwa mkono. Mimi, baba yao, kazi yangu ilikuwa kuushikilia mtumbwi usipinduke.

Tuliwapandisha wote mtumbwini, tukamlaza mkubwa chini, akatapika maji mengi. Alipofungua macho akaniona nimemwinamia. Alinyanyua mikono yake miwili akajifunika uso.

"Baba," akasema, "muhogo umekwenda na maji. Usinipige."

Mvuvi akageuka akatazama upande mwingine. Kisha akapiga kasia mpaka pwani.

Mdogo aliugua kifua wiki tatu, na usiku wa tano tulidhani hatutamwona asubuhi. Amepona. Mkubwa hakuugua, ila kwa muda mrefu nilipoingia nyumbani alisimama wima, kama askari. Sikumwagiza hivyo. Ni mimi niliyempandia hofu hiyo mwaka baada ya mwaka, nikiiita utii, nikimshukuru Mungu kwa mavuno yake.

Namshukuru mvuvi yule, ambaye hakunidhihaki. Nawashukuru ninyi mliokaa kwa zamu na mtoto mgonjwa. Na zaidi namshukuru bibi jirani, aliyeingia majini kwa ajili ya wajukuu wasio wa damu yake wala wa dini yake, siku ile ile niliyomjibu kwa dharau. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia, "Keti, fundi. Leo mwezi mosi. Andika vizuri safari hii."

Funzo langu si refu. Baba anayeogopwa haambiwi ukweli, na asiyeambiwa ukweli atawatuma wanawe mautini kwa sauti ya upole, akidhani anawalea.

Wala msidhani nimepona kabisa. Juzi nilikuwa napima mbao za mlango, binti yangu mkubwa ameshika kamba. Akasema polepole, "Baba, umekosea." Niliuona mkono wangu ukiinuka wenyewe. Naye aliuona. Hakukimbia, wala hakujifunika uso, alingoja.

Nikaushusha. Nikamuuliza, "Wapi?"

Akanionyesha.