Mzee Wembe na Mashine Yake ya Nyasi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza bustani ya hospitali yetu, Mzee Wembe anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Jina hilo alipewa na wauguzi kwa jinsi nyasi zilivyokatika mbele yake. Hata mpira wa kumwagilia maji aliwahi kuukata vipande viwili bila kuhisi, akaendelea na kazi huku akilowa.

Alianza na mashine ya kusukuma kwa mikono na anamaliza na ileile. Ya injini iliwahi kuletwa, ikawaamsha watoto wachanga wodi nzima, ikarudishwa kabla ya chakula cha mchana.

Kila Ijumaa aliipeleka nyumbani kuinoa kwa sababu jiliwa ya karakana, kile chuma cha kubania vifaa vinaponolewa, ilikuwa mbovu. Jiliwa ilishakarabatiwa zamani, lakini Mzee hakuacha kuibeba mashine yake, nasi wa stoo tukawa tunamtania kwamba ana mgeni wa kudumu.

Jumamosi moja nilimpelekea koti alilosahau. Anaishi chumba na sebule ghorofani, hana hata unyasi mmoja wa kukata. Mkewe alifariki, wanawe wako mbali. Kiti cha pili kilikuwa juu ya kabati. Alikishusha, akakifuta vumbi, ndipo nikakaa. Mashine ilikuwa katikati ya sebule, juu ya magazeti. Alivipaka visu oili iliyochanganywa na mchanga laini, akavizungusha kinyumenyume taratibu, kisha akajaribu makali kwa kipande cha karatasi. Muda wote aliisimulia mashine habari za wodini: nani kajifungua, nani karuhusiwa. Nilikuwepo, lakini alikuwa ameizoea zaidi mashine. Niliondoka na simanzi.

Kwa hiyo uongozi ulipoamua kumzawadia mashine hiyo, nilidhani atafurahi. Aliikataa kwa upole.

"Mkinipa nitainoa mara moja tu, basi. Kwangu itakata nini? Iacheni hapa ifanye kazi. Ikiwa butu, mniletee."

Kisha mganga mkuu akajitolea kuisukuma mwenyewe mpaka apatikane mtunza bustani mpya, na kwa alivyoigonga kwenye mawe jana, haitachukua muda kuwa butu.

Mzee wetu, ahsante kwa bustani na kwa utulivu uliowapa wagonjwa. Tunakutakia afya njema na siku nyingi za furaha. Ijumaa ya kwanza tutakuja kwako, hata kama mashine bado ina makali.