Callixte Ntirampeba na Sufuria ya Khadidja

Marehemu Callixte Ntirampeba alizaliwa Rumonge tarehe 14 Machi 1954. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake, Médiatrice. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Rumonge, sekondari Bujumbura, na mwaka 1976 akaanza kazi ya kutoa mizigo ya watu bandarini. Miaka ya vikwazo vya biashara, meli zilipoadimika, bado alikwenda kazini amefunga tai, akisema mzigo ukija usimkute amevaa kama mtu aliyekata tamaa.

Mwaka 1981 alimwoa Prudence, wakajaliwa Claude na Orlane. Vita vilipowafukuza nyumbani kwao mtaa wa Cibitoke mwaka 1995, ndugu wenye nyumba kubwa walisema hawana nafasi. Mama Khadidja wa Buyenzi, ambaye si ndugu yetu, aliwafungulia vyumba viwili uani kwake. Alikuwa akiwaletea maharage, na kila mara alionja kijiko cha kwanza mbele yao, kama afanyavyo kwetu yeyote anayempa mwenziwe chakula, ili mlaji asiwe na wasiwasi.

Juni 2001, wakiwa bado uani kwa Khadidja, tumbo lilianza kumsokota Callixte. Hapo ndugu wakapata la kusema: amelishwa sumu. Baba mdogo Népomuscène aliimwaga sufuria ya Khadidja mtaroni, majirani wakitazama.

"Mi nilionja mbele yenu," Khadidja akasema. "Na batoto bangu balikula."

"Nyamaza we, murozi," akajibu baba mdogo, yaani mtia sumu.

Wakampeleka Callixte kwa mganga wa kutapisha. Miezi ikapita akitapishwa ndani ya beseni, na watu wazima, wengine wamekaa hapa na suti zao, wakiinamia matapishi ya ndugu yao kutafuta sumu.

Desemba alianguka akitokwa damu, ndipo akapelekwa hospitali, akapasuliwa. Uvimbe ulitolewa kwenye utumbo mwembamba. Dokta Hayat wa maabara aliukata vipande vyembamba sana, akaviweka chini ya hadubini, akaniita nichungulie. Niliona seli ndefu, nyembamba, zimelala pamoja kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walioanikwa mchangani. Alishuku uvimbe wa neva, jambo la nadra mno utumboni, ila misuli nayo hutoa uvimbe wa sura hiyo. Kipande kikapelekwa Nairobi kutiwa rangi inayozishika seli za neva na kuziacha za misuli. Januari jibu likarudi: rangi imeshika kote.

"Haiko cancer, haiko poison," Dokta Hayat alimwambia Callixte. "Iko tumeur ya nerf, uvimbe ya neva. Inakomaaka polepole. Pengine ulikuya nayo toka Cibitoke. Bangekuleta mapema, tungeitoa ukarudia kazi."

Walikuwa wamemchelewesha. Mwili haukuwa na nguvu tena, mshono ukaingia usaha, akafariki tarehe 9 Februari 2002. Siku chache kabla, alinishika mkono.

"Médi, maneno ya Dokta uyasome ku maziko. Yote. Khadidja akuwe anasikia."

Nimeyasoma.

Ameacha mjane wake Prudence, watoto Claude na Orlane, mimi mdogo wake, na Khadidja aliyempikia uji mpaka siku ya mwisho. Chai ya msiba amepika yeye. Leo haonji. Kikombe cha kwanza ni cha baba mdogo Népomuscène, nasi sote tutasimama tumngoje amalize. Hapo ndipo Callixte atapumzika kwa amani.