Vipande Vitano

Kabla hatujafika Keroka, mama aliyekaa mbele yangu ndani ya Probox, gari dogo la abiria, alikunjua karatasi kubwa yenye rangi za maji, akamwonyesha mzee wa kando yake, ambaye hakuwa ameuliza chochote.

"Baba yangu ndiye amechora, kule kwenye makao ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Hili ni shamba letu la majani chai. Hebu hesabu vipande."

Mzee akahesabu kwa kidole. "Ni vitano."

"Na vijana wake ni wanne. Cha tano ni changu."

"Lakini mama, mtu asiyekumbuka hata jina lake atagawaje shamba?"

Mimi, nisiye na shamba popote, nikatikisa kichwa kukubali.

"Wiki iliyopita alichora vinne. Ndugu zangu wakaipiga ile karatasi picha kwa simu, wakasema baba bado ana akili timamu."

Nikaacha kutikisa kichwa. Mzee alihesabu tena, labda vimepungua.

"Na wiki ijayo akichora sita?"

Gari likasimama Nyansiongo. Mama alishuka, akiikunja ile karatasi haraka kuliko alivyoikunjua.