Daphrose Nsimire na Kaburi Lililofunikwa na Rusizi

Marehemu Daphrose Nsimire alizaliwa Uvira tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Cirimwami na Mama Mathilde. Shule ya msingi aliisoma hukohuko hadi darasa la tano, akaiacha mama yake alipougua. Kusoma alikupenda. Kushona alikuchukia, na vitambaa vyake vilivyoshonwa kombo vilimtangaza.

Mwaka 1976 aliolewa na Gélase, mchimba mchanga wa Gatumba, akavuka mpaka na sufuria mbili na mdomo usionyamaza. Walilima mpunga karibu na pale mto Rusizi unapoingia ziwani. Shamba lile halikuwahi kutulia. Wakati wa mvua mto ulishusha tope la milimani ukaongeza nchi kavu. Kiangazi upepo wa kusini uliamsha mawimbi, yakarudisha mchanga mdomoni mwa mto, au yakamega ukingo. Njia ya mwaka huu, mwaka kesho ilikuwa maji. "Hii ziwa inahama kupita watu wa kupanga nyumba," alizoea kusema.

Gélase alifariki mwaka 2013, akazikwa ukingoni mwa shamba, kaburi la saruji na msalaba wa chuma. Mama Daphrose aliwaapisha wanawe wawili, Landry na Nella, kwamba naye atalazwa kando yake.

Yakaja mafuriko ya 2020, kisha ya 2021. Maji yalipopungua, msalaba haukuonekana. Kila kiangazi Mama alirudi pale na Nella, amebeba chuma kirefu cha ujenzi, wakichoma tope mpaka kigonge saruji. Mwanzoni kaburi lilikuwa chini kiasi cha goti, baadaye kiuno, mwishowe chuma kizima kilizama bila kugonga kitu. Kisha dhoruba ikapasua mkondo mpya katikati ya shamba.

"Mama, tuache," Nella alimwambia, amechoka, matope hadi mapajani.

"Apana. Baba yako hakukimbia. Ni udongo ndio ilikuja."

Mwishoni mwa 2024 moyo ulianza kumsumbua, akahamia kwa Nella, Kanyosha, mbali na Rusizi. Watoto wakaanza kuvutana. Landry alitaka kutimiza kiapo, Mama azikwe Gatumba popote palipobaki pakavu. Nella alilia tu. Alijua pakavu pa Gatumba hapadumu. Jumapili moja Mama aliwaita wote wawili kitandani.

"Munizike hapa Kanyosha. Mi nilitafuta baba yenu mpaka magulu ikakataa. Sitaki Nella anitafute na ile chuma."

Landry alitoka nje akalia kwa sauti. Nella alibaki, akamshika Mama mkono.

Mama Daphrose alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, usingizini, akazikwa Kanyosha kama alivyotaka. Ameacha watoto hao wawili, wakwe zake, wajukuu Chance, Loïc na Elysée, na majirani wa Gatumba waliomzoea.

Lala, Mama, umechoka vya kutosha. Tunajua ulipo.