Mkokoteni Wenye Sungura

Pale Agua Dura, Arizona, nyuma ya meza ya kupakia risasi, kuna benchi la ubao ambalo mguu wake mmoja umeegemezwa jiwe, na kila Jumapili ya mashindano ya kupiga shabaha kwa silaha za kizamani linakaliwa na watu walewale. Usiyacheke mavazi yao ya kikauboi. Mwenye koti refu jeusi na saa ya mnyororo ni fundi bomba mstaafu. Hapa anaitwa Jaji Nusu, maana kila kesi anaikatia hukumu kabla haijafika katikati. Mwenye masharubu yaliyoungua ncha ni Moshi Mzito, anayepiga kwa ile baruti nyeusi ya kizamani, na akimaliza zamu yake wenzake humtafuta ndani ya wingu. Na mwanamke mwenye sketi ya kufagia vumbi ni Bi Pilipili, aliyewapikia watoto wa shule mpaka akastaafu. Ukijiunga nao unajichagulia jina, linakuwa lako peke yako nchi nzima, na lile ulilopewa na mama yako unaliacha nje pamoja na gari. Kumuuliza mtu jina lake la nyumbani ni utovu wa adabu. Asubuhi hiyo birika la bati lilikuwa juu ya moto wa kuni, kahawa imeiva mpaka imekuwa nzito, na Bi Pilipili hakuwa na raha hata kidogo.

— Hajaja tena, alisema.

— Nani? aliuliza Moshi Mzito, ambaye masikio yake baruti iliyamaliza zamani.

— Nani mwingine, jamani! Mzee Taratibu! Jumapili ile nyingine hakuja, leo hakuja. Na bunduki yake ninayo.

Akaitazama ile bunduki ndefu iliyosimama kwenye mkokoteni wake, imefungwa kitambaa safi. Ya kwake ilikuwa imevunjika katikati ya mashindano, na kabla hajamaliza kutukana, mzee Taratibu alikwisha kumwekea hii mikononi. Ilikuwa ya marehemu mkewe. Hakuuliza itarudi lini, hakusema itunze. Alisema tu, "Inapiga kushoto kidogo," akaenda zake kunywa kahawa.

— Kakupa mali ya marehemu bila hata kukuuliza unakaa wapi, Jaji Nusu alisema. Mtu wa namna hiyo sijawahi kumwona. Nikianguka bafuni leo, mke wangu mwenyewe hawezi kunipa taulo lake zuri.

— Ndiyo nasema. Nimrudishie nani sasa? Na si bunduki tu. Nataka kumwona. Nimemzoea mzee wa watu.

Moshi Mzito alijimiminia kahawa, akatikisa kichwa.

— Mimi najua aliko. Wamemchukua watu wa sinema. Wamemwona anavyotembea.

— Anavyotembea? Jaji Nusu alishangaa. Kwa goti lile bovu? Sinema ingekwisha hajafika mlangoni!

— Hapo ndipo penye utamu wake, bwana wee! Wote tunakurupuka. Kipima muda kikilia tii, mimi napiga kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Yeye je? Anasimama. Anaishika kofia, anaziinamia kidogo zile shabaha za chuma, kama anaziomba radhi. Ndipo anaanza. Ting. Unakunywa kahawa. Ting. Unasalimiana na jirani. Ting.

— Mimi nikishika kipima muda chake nasikia usingizi, alisema Jaji Nusu. Lakini niambieni, kuna aliyewahi kumwona amekosa?

Hakuna aliyewahi. Wahesabu watatu husimama nyuma ya mpigaji na kunyoosha vidole kwa kila risasi iliyopotea. Kwa Taratibu vidole vyao vilikuwa vimesahau kazi.

— Na upakiaji wake, Bi Pilipili alisema, sauti ikilainika. Kila risasi inayoingia, anagonga meza kwa kidole. Ngo. Anasubiri. Ngo. Mpaka tano, basi.

— Ya sita haingii, alidakia Jaji Nusu, huku akimtazama Moshi Mzito kwa jicho la pembeni. Tundu la sita ni tupu, nyundo ilale juu yake, bastola isije ikakufyatukia kiunoni. Kila mtu anajua. Karibu kila mtu.

— Aisee, hilo halitazikwa? Nilijaza sita mara moja tu! Mara moja!

— Tukakutoa uwanjani na wingu lako.

— Nilikuwa nafikiria mambo ya kodi!

Wakacheka mpaka benchi likayumba kwenye jiwe lake. Bi Pilipili hakucheka sana.

— Basi sikilizeni niwaambie ukweli wenyewe, Jaji Nusu alisema, akiinamisha kichwa kama mtu anayetoa siri ya serikali. Yule alikuwa askari wa siri. Jangwani huko, mpakani. Wamemwita tena, kuna kazi imewashinda vijana.

— Askari wa siri anayevuta mkokoteni wenye sungura? aliuliza Bi Pilipili.

Hapo hata Jaji aliitoa saa yake ya mnyororo, akaitazama. Mkokoteni wa Taratibu wa kubebea bunduki ulikuwa wa mbao zilizochorwa sungura wa pinki, wanarukaruka kuanzia gurudumu mpaka mpini. Mwanamume mrefu kama nguzo, macho makavu, bastola mbili kiunoni, anavuta sungura wa pinki. Na uwanja mzima hakuna aliyethubutu kuuliza.

— Ndiyo usiri wenyewe huo, Jaji alisema hatimaye. Nani atamshuku?

— Hamna kitu, alisema Moshi Mzito. Babu yake aliibia benki. Dhahabu iko chini ya mwamba fulani kule milimani, na wale sungura ndio ramani. Uwatazame vizuri: kila mmoja anaelekea upande wake. Saa hizi mzee anachimba.

— Kwa goti lile!

— Na wewe na goti lake! Huenda goti ni la uongo!

— Huenda mzee mzima ni wa uongo, Jaji alisema. Umewahi kumwona akila? Mimi sijawahi. Yule amebaki kutoka zamani zile zenyewe. Sisi tunavaa nguo hizi kwa kuigiza, yeye alisahau kuzivua.

— Acheni hizo! Bi Pilipili alifoka, kikombe kikamwagika. Nyinyi mnamtungia hadithi, mimi nimeenda hospitali ya mjini kumtafuta. Ndiyo, nilienda! Nikamkuta dada wa mapokezi. Ananiuliza, mgonjwa wako anaitwa nani? Nikasema Taratibu. Taratibu nani? Nikasema Taratibu tu, kila mtu anamjua. Akanitazama na kofia yangu hii, akaniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe nahitaji daktari.

Hata Moshi Mzito hakucheka. Wote watatu walitazama chini, maana kila mmoja alikuwa akijiuliza lile lile, mzee huyu kwao anaitwa nani, na kila mmoja aliona aibu. Miaka yote hiyo wamekula naye burrito, zile chapati za kukunjia mayai, chini ya turubai, wamemsaidia kubadili tairi, wamelia naye alipofiwa na mkewe. Naye mkewe walimzika moyoni kwa jina la Bibi Radi, kwa sababu mazishi yenyewe yalifanyika mbali, kwao.

Ndipo mwanamke mmoja akatokea upande wa magari. Hakuwa na kofia. Alivaa sweta, kwenye joto lile, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala.

— Samahanini. Namtafuta yeyote anayemjua Orville Stensgaard.

Wakatazamana.

— Stensgaard? Jaji Nusu alikuna kidevu. Hapa hapana, binti yangu. Tungemjua.

— Mna hakika? Mzee, mrefu. Pale kituo cha mafuta wameniambia watu wanaovaa hivi wanakutana hapa.

— Labda wale wa uwanja wa mashariki, Moshi Mzito alisema. Kule kuna wageni wageni. Sisi hapa ni familia, tunajuana wote.

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akageuka. Bi Pilipili akamwonea huruma, akamwita anywe kahawa kwanza. Akakataa.

— Hapana, mama, asante. Nimetoka Minnesota, sijui hata natafuta nini. Ni baba yangu. Nilifungua gari lake nikakuta kofia kama zenu, na kimkokoteni. Kimetengenezwa kwa mbao za kitanda changu cha utotoni, zile alizozichora sungura nilipokuwa mgonjwa. Nilidhani alikwisha kuzitupa.

Kikombe kilianguka. Bi Pilipili alikuwa amesimama tayari.

— Sungura wa pinki?

— Ndiyo.

— Mungu wangu! Taratibu! Baba yako ni Taratibu! Yuko wapi?

— Hospitali ya mjini. Amepata kiharusi. Yuko pale tangu mapema mwezi huu.

Bi Pilipili akashika ukingo wa benchi. Alikuwa amesimama pale pale mapokezini, chini yake tu, amebeba keki.

— Hasemi, mwanamke aliendelea, na sasa machozi yakaanza. Upande mmoja haufanyi kazi. Daktari anasema huenda hatutambui tena. Tunamwita, hageuki. Kutwa tunamwita, Orville, Orville, baba. Anatazama dari. Kesho wanataka kumhamishia nyumba ya wasiojiweza, kule wanakowekwa wasiojua tena kitu. Nilitaka tu mtu anayemjua aje amwite. Labda sauti nyingine.

— Nani yuko naye sasa?

— Kaka yangu.

— Mpigie. Mpigie simu sasa hivi, aiweke sikioni kwake.

Mwanamke akapiga, akakuza sauti. Bi Pilipili akainama juu ya simu.

— Taratibu! Ni mimi, Pilipili! Bunduki ninayo, inapiga kushoto kweli, mwongo mkubwa wewe ulisema kidogo! Taratibu, unanisikia?

Kisha sauti ya kaka, ina hofu:

— Amegeuka. Amegeuza kichwa! Mmemwambia nini?

Bi Pilipili akasogea kando. Jaji Nusu akavua kofia. Akaisogelea simu na kutoa ile sauti yake ya kushika kipima muda.

— Mzee Taratibu. Mezani. Mpigaji yuko tayari?

Wakasubiri. Kuni zilipasuka motoni. Kisha, ndani ya simu, chuma cha kitanda kikalia.

Ngo.

Wakasubiri tena, kama walivyozoea kumsubiri.

Ngo. Ngo.

— Anagonga kwa kidole! kaka alipiga kelele. Anagonga!

Ngo. Na baada ya muda wake mwenyewe, ngo.

Kisha hakuna kitu. Mwanamke alimshika Bi Pilipili mkono kwa nguvu.

— Mbona ameacha? Amechoka? Mwambieni aendelee!

— Amegonga ngapi? Moshi Mzito aliuliza, mkono sikioni.

— Tano, alisema Bi Pilipili, na hakujifuta machozi. Hajaacha, binti yangu. Ya sita haingii. Mwambie daktari huyu mtu yuko tayari.