Ukuta wa Debora Usiribwe

Sogeeni wanangu, mnisikie maadamu pumzi ingalipo, na wewe Faustino weka hiyo simu chini, maana sauti yangu haina nguvu ya kushindana nayo.

Mikorosho ya kule Kilangala ni ya Faustino, kwa kuwa ndiye aliyeipalilia miaka yote niliyokuwa Dar es Salaam. Shangazi yenu Flora asije akadai upande wa bondeni. Tumeshagombana vya kutosha, na nimemsamehe. Nyumba hii ya udongo, hapa Kitomanga, namwachia Tekla. Msinikatize.

Nilitoka hapa najua kuchora, nikaingia ofisi ya matangazo, nikachora maboksi ya sabuni na kalenda mpaka nikazeeka, na kila mwanamke niliyemchora, mteja alitaka acheke, aongezwe meno, aonekane hajawahi kuchoka. Kazi ile iliwasomesha, siitukani. Lakini nilipostaafu nikarudi, mama yenu keshalala kitandani hainuki, nikachukua mkaa na udongo mweupe nikamchora ukutani jinsi alivyokuwa, anabangua korosho, amenuna, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Akatazama weee, akasema, "Huyu ndiye mimi." Wiki haikuisha akafariki. Tangu hapo nimechora kuta zote, na nimefurahi, jamani, nimefurahi kama mtoto, ila mkono ukaanza kutetemeka, na mengi yaliyomo kichwani nakwenda nayo kaburini. Hilo linaniuma kuliko ugonjwa huu.

Sasa nasikia mnavyonong'ona huko uani. Eti siku ya kuondoa matanga yangu, akina mama watakapokuja kuisiriba nyumba upya kwa udongo, kama tunavyofanyiwa wote hapa tukifiwa, Faustino atawazuia, na ukuta wa mama yenu utawekewa kioo. Tekla umelia ukiomba iwe hivyo. Hapana. Wasiribe kuta zote, na huo wa Debora wasiuruke.

Tekla, mwanangu, nimekuona. Uko ofisi kama ileile yangu, unachora pakiti za maziwa, ukija likizo unakaa mbele ya ukuta huo kutwa nzima, halafu unarudi mjini hujagusa hata mkaa. Uliniambia utachora ukistaafu. Haya, mstaafu ni mimi, nitazame mkono. Ukuta huo ukibaki utaufuta vumbi, utawaonyesha wageni, utamlilia mama yako, na hutachora kitu.

Nipeni maji... basi, yametosha.

Faustino, usimcheke dada yako akiacha mshahara. Akikosa unga, mpe. Nizikeni karibu na Debora, na padre akichelewa msimngoje, jua kali. Mungu awatazame kwa huruma, awape usingizi mzuri, asiwatie chuki ninyi kwa ninyi... Tekla, uko wapi, sikuoni vizuri. Udongo ukishakauka, ukuta utakuwa mtupu. Anza na huo. Usinichore mimi.